Koti la Baba Yako Liko Kwenye Kabati la Vioo

Kwako Chacha, mwanangu wa kwanza,

Sikuulizi habari za huko Dar es Salaam. Ungetaka nizijue ungepokea simu. Mimi mzima, magoti yananiuma, ng'ombe mwekundu amezaa, na dada yako Ghati anakusalimu ingawa hukumuuliza. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi zile nilizofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukiwa umelala mgongoni unanilowesha. Robi, mtoto wa dada yako, si unajua sasa ni mwalimu? Yeye amenisahihishia nukta na kugawa mistari, basi. Alitaka kupunguza maneno makali. Nikamwambia akipunguza hata moja nitamchapa na ualimu wake huo huo. Yeye ndiye atakayeitoa isomwe na watu. Najua utasema mama amenivua nguo barabarani. Lakini ni wewe uliyeanza kusema habari za nyumba yetu mbele ya wapita njia. Mimi nafuata nyayo zako tu.

Nimekwenda Mugumu. Nimeliona koti.

Unakumbuka lilivyofika kwetu? Hukumbuki, ulikuwa mdogo, ila nimekusimulia mara nyingi mpaka ukadhani uliona kwa macho yako. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, wanaume wa hapa kwetu Kemambo wanarudi mmoja mmoja, na mimi naanika ulezi uani, Ghati yuko titini. Akaingia mtu mwembamba amebeba furushi kwapani. Alikuwa mtu wa Matongo, mwenzake baba yako kwenye kikosi.

"Wewe ndiye Bhoke wa Mwita?"

"Ndiye."

"Bhoke wa Mwita, mama Chacha?"

Hapo nikajua. Mwenye habari njema haulizi jina mara mbili. Nikamwambia, "Sema ukiwa umesimama hivyo hivyo, ukikaa nitaogopa zaidi."

Akasema baba yako hakupigwa risasi. Walikunywa maji ya bwawa huko Uganda, wakiwa njiani, tumbo likamshika, akahara mpaka akaisha. Wakamfukia kando ya barabara, karibu na mti uliokatwa nusu na bomu. Mtu yule alilia akisema hawezi kuukumbuka tena mti wenyewe, maana kule miti ya namna hiyo ilikuwa mingi. Kisha akafungua furushi. Koti kubwa la jeshi, zito kama mtoto aliyelala. Akasema, "Alilivua mwenyewe. Alisema, mpelekee Bhoke, mtoto asilale na baridi."

Mtoto huyo ni wewe, Chacha. Baba yako alitetemeka kwa homa kando ya barabara ya watu ili wewe usitetemeke.

Na hukutetemeka. Tulilala watatu chini ya koti lile, wewe katikati, Ghati upande wa moto, mimi upande wa mlango. Asubuhi ulikuwa unalivaa, mikono inafagia uwanja, kola inakufika masikioni, unawasimamisha mbuzi mstari mmoja. "Mbuzi, simama wima! Wewe mweupe, geuka kushoto!" Mbuzi wanakula kamba yao. Unawatukana kwa Kikurya, kisha unakuja kunishtaki kwamba jeshi lako halina adabu. Nilikuwa nacheka mpaka nashika ukuta. Sikuwa na kingine cha kunichekesha.

Mfukoni ulikuwa unaficha karanga za kukaanga. Panya wakanusa, wakatoboa. Nikatia kiraka cha kitenge chenye maua, uzi mwekundu, maana mweusi sikuwa nao. Na ile alama ya kuungua kwenye pindo? Ulisinzia mekoni ukaliacha likaingia motoni. Mguu wako ulikuwa na malengelenge, lakini hukulilia mguu. Ulikuwa unamlilia baba yako, "Nimemchoma tata! Nimemchoma tata!" Nikakupaka asali mguuni, nikakushika mpaka ukanyamaza. Nilikuambia, tata hachomeki, lala.

Sasa nikukumbushe lile ambalo hujawahi kulisema tangu uwe mtu mkubwa.

Wazee walikuja. Ulikuwa umeshaanza shule. Baba yako mdogo, Mzee Nyamhanga, wakati huo kijana mwenye mabega, aliwatangulia. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usirudi, hazungumzwi tu kwamba amekufa. Anazikwa nyumbani kwake kwa kitu chake. Nguo yake, fimbo yake, chochote kilichomgusa mwili. Kama hakuna kabisa, unakatwa mgomba, unafungwa shuka, unalazwa badala yake. Mke analia, ananyolewa, anakuwa mjane kamili, maisha yanaendelea. Nyamhanga alisema, "Shemeji, lete koti. Kesho tunachimba, tumlaze kaka."

Nililitoa. Uongo sitasema, nililitoa, nilikuwa nimechoka kungoja. Nikalikunja nikampa. Na wewe ukatoka ndani kama ndama aliyekatiwa kamba, ukaking'ang'ania kile kipande cha mkono kilichoning'inia, ukajilaza chini, wakakuburuta na koti lako mpaka kwenye boma la ng'ombe.

"Msimzike tata! Msimzike! Bado nalala naye!"

Mzee mmoja akacheka, akasema piga huyu. Mimi nikaenda nikalichukua koti mikononi mwa Nyamhanga. Nikawaambia msichimbe.

"Unajua unachokifanya?" Nyamhanga akaniuliza. "Mtu asiyezikwa hana mjane. Utakuwa nani wewe?"

"Nitakuwa mama Chacha."

Ndivyo nilivyojibu. Nilikuwa na kiburi, nakijua kiburi changu, sikionei haya. Lakini kiburi hakilipi karo na hakitafuti mahali pa kukaa msibani. Umeona kwenye misiba yetu wajane wana upande wao na wake za watu wana upande wao? Mimi sikuwa na upande. Nilikaa jikoni na wapishi, mwaka hadi mwaka, macho yananitoka kwa moshi ili mtu asijue ninalia nini. Kisimani wanawake wakiniona wanaambiana, "Mpisheni, mke wa koti anakuja." Mmoja akauliza mbele yangu eti likipata kiraka kingine tutasema nimezaa? Nilimmwagia ndoo nzima, lakini neno halikumwagika. Mke wa koti nimekuwa mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Wanaume walionitaka hawakujua wazungumze na nani, kwa sababu mwenye mke hakuwa hai wala hakuwa marehemu. Nikaenda kuponda mawe Matongo, nyundo mkononi, vumbi puani, ukasoma. Ukapita la saba, ukapita kidato, ukapita vyote. Leo ni mheshimiwa, una mtu wa kukufungulia geti.

Sikuandikii haya ili unishukuru. Nilifanya kwa mtoto wangu, na mama akifanya hana mkataba. Naandika ili ujue koti lile nililipia nini kabla wewe hujaligawa.

Krismasi ya juzi ulikuja na gari lako lile refu. Ukakaa siku ya sikukuu, ukala ugali wa ulezi ukasema huko Dar hamna kitu kama hiki. Nilifurahi kama mjinga. Ukasema, "Mama, koti la mzee linanuka moshi, nondo wanalimaliza. Nipe nikalipeleke kwa dobi wa maana. Pasaka nalirudisha."

Nikakufungia kwenye kitenge changu kipya. Nikakuambia mwambie dobi asikitoe kiraka.

Pasaka ilipita. Nikapiga. "Liko salama, mama, niko kikaoni." Mvua zikaja, nikapiga. "Liko salama, mama." Baadaye ikawa inaita tu. Nikaambiwa na Robi kwamba ukipiga sana mtu asipopokea maana yake anakuona. Nikamwambia mwanangu hawezi. Nilikutetea hata hapo.

Na mwaka huu baba yako mdogo ameanza kukonda. Mabega yale hayapo. Hospitali wamemrudisha nyumbani wakamwambia ale anachotaka, na mtu mzima anajua neno hilo lina maana gani. Akaja kwa fimbo, akakaa, akasema, "Shemeji, ndugu wa tumbo moja na kaka nimebaki peke yangu. Mimi nikiondoka, nani ana haki ya kumlaza Mwita? Na wewe ukiondoka tutakulaza ubavuni mwa nani?"

Nilikaa na swali hilo, Chacha. Nimevunja mawe, nimevumilia midomo ya kisimani, sijaogopa. Hilo liliniogopesha. Kuzikwa peke yangu pembeni ya boma kama mgeni aliyekufa akipita. Nikamwambia sawa, safari hii nimekubali, chukueni koti mumzike. Akauliza, liko wapi? Nikasema liko kwa dobi. Mzee mgonjwa akanitazama na mimi nikatazama kuku.

Basi juzi Robi akaniambia, "Bibi, Jumatano nawapeleka wanafunzi Mugumu, kuna jumba jipya la makumbusho ya vita. Twende, ukapunge upepo." Nilikataa. Akasema ni vita ile ile aliyokwenda babu. Nikavaa viatu.

Tukavuka daraja la Mara, tukapita Nyansurura kwetu nilikozaliwa, nikawaonyesha watoto mti niliopandia nikikwepa kuchunga. Nilikuwa na furaha, nakuambia ukweli. Tukafika. Msichana mmoja wa shati la kaki akatupokea. "Shikamoo bibi, karibu. Humu ndani si kama makumbusho ya zamani ya kutazama tu. Kila kitu kinaguswa. Gusa, bonyeza, vaa, uone vita ilivyokuwa."

"Marahaba. Haya nionyeshe."

Akatuingiza kwenye handaki la magunia. Humo giza, sakafu inatetemeka, bomu linalia kwenye spika, watoto wanapiga mayowe ya furaha. Walipotoka wakataka kurudi tena. Yule msichana akaniuliza, "Umeonaje, bibi?"

Nikamwambia, "Mbona hakuna harufu?"

"Harufu gani, bibi?"

"Mume wangu alikufa kwa kuhara. Hiyo vita yenu haina mtu anayehara?"

Watoto wakacheka. Robi akanivuta khanga. Msichana maskini akasema atawaambia wakubwa. Mwambie, nikamwambia.

Pana meza ya kioo yenye ramani. Unaweka kidole juu ya askari, unamsukuma, anatembea, anavuka mto. Nilimsukuma mmoja mpaka Uganda. Ni rahisi, hata kidole hakichoki. Nikafikiri waliompeleka Mwita huenda nao walisukuma hivi hivi, kisha wakaenda kula.

Ndipo tukapinda kona, nikaona kiraka.

Sikuona koti kwanza. Niliona maua ya kitenge changu na uzi mwekundu, ndani ya kabati la vioo, taa inamulika. Limevishwa sanamu la plastiki lisilo na kichwa. Wamelipiga pasi. Pindo lililoungua wameligeuzia mbele ili watu walione. Nikasimama. Robi naye akasimama, alilalia koti hilo akiwa mchanga, analijua. Nikamwambia, soma hayo maandishi.

Hakutaka. Nikamwambia soma, mimi si mtoto.

Akasoma: koti la askari shujaa aliyeanguka mstari wa mbele kwa risasi ya adui. Alama ya moto inaonyesha ukali wa mapigano. Limetolewa na familia.

Ukali wa mapigano, Chacha. Mekoni kwangu. Na wewe uliyesinzia ndiye uliyewaambia hivyo?

Chini ya maandishi pana kitufe chekundu. Mtoto mmoja akakibonyeza kabla yangu, na wewe ukaanza kusema. Sauti yako, ikitoka ukutani. Nilidhani uko nyuma ya kabati, nikazunguka kukutafuta. Watoto wakanicheka tena.

Ukasema baba yako alikuwa simba wa vita. Ukasema ulikua ukiliangalia koti hili ukutani kama picha takatifu. Ukutani! Koti hili halijawahi kuona msumari mpaka mlipolipeleka huko, lilikuwa mgongoni mwako na mkojoni mwako. Ukasema, "Mama yangu, kwa uzalendo wake, alilitoa kwa moyo mweupe liwe la taifa zima." Kisha ukakohoa, ukamalizia kwa kushukuru wageni rasmi.

Nikabonyeza tena.

Robi alidhani nataka kuhakikisha ule uongo. Sikuwa nasikiliza uongo. Ni mwaka mzima na zaidi sijasikia sauti yako ikisema maneno mengi namna ile kwa mfululizo. Kikohozi kile ni cha kifua, si cha koo. Umekwenda kupimwa? Nikabonyeza tena ili nikisikie. Na tena. Ulipofika pale "mama yangu" nikawa najibu. "Nipo. Nipo hapa, mura, mwanangu." Sikujua kama nimesema kwa sauti mpaka nikasikia mtoto anamwambia mwalimu wake, "Madamu, bibi anaongea na ukuta."

Msichana wa kaki akaja taratibu. "Bibi, samahani, wengine nao wanasubiri zamu."

"Wasubiri. Huyu ni mwanangu. Mimi namsubiri tangu Krismasi ya juzi."

Akaondoka, akarudi na mkubwa wake, kijana wa miwani, mpole, ana adabu, sina ugomvi naye. Nikamwambia koti hili ni la mume wangu, nalitaka, kuna mazishi. Akashangaa. Akaniuliza marehemu amefariki lini? Nikamwambia wewe hujazaliwa. Nikamweleza mila yetu, akasikiliza kweli, hata akavua miwani. Kisha akasema, "Bibi, nakuelewa. Lakini kwa utaratibu aliyelitoa ndiye anayeweza kuomba lirudi. Aje mwenyewe, tutampa. Mimi kukupa wewe siwezi."

"Mimi ni mke wa mwenye koti."

"Najua, bibi. Lakini aliyetoa ni mwanao."

"Basi fungua nilishike, nililie kidogo, kisha nifunge."

"Hapana, bibi. Mafuta ya mikono yanaharibu kitambaa."

Chacha, mikono hii. Jumba zima watoto wanagusa kofia, wanagusa bunduki, wanamsukuma askari kwa kidole, wanakubonyeza wewe. Mimi nikaambiwa mikono yangu ina mafuta.

Sikupiga kelele. Najua uliogopa hilo, kwamba mama akijua atakuja kupiga kelele mbele ya wakubwa wako. Nilitoka nikakaa nje juu ya jiwe mpaka watoto walipomaliza. Yule msichana akaniletea soda. Nikainywa, ilikuwa imelipiwa na mtu aliyenihurumia, na mimi sijazoea kuhurumiwa.

Njiani Robi akakutetea. Alisema, "Bibi, labda mjomba alitaka kumheshimu babu. Mtu asiye na kaburi angalau awe na mahali watu wanamtazama. Na koti babu alimwachia yeye."

Nimelitafakari, maana Robi si mjinga. Ni kweli alikuachia wewe. Alikuachia ujifunike, hakukuachia uonyeshe. Na kama ulitaka kumheshimu, kwa nini ulisema dobi? Mtu anayefanya jambo la heshima hadanganyi mama yake kwa sababu ya harufu ya moshi. Robi akanionyesha kwenye simu picha yako siku ya kulikabidhi, umevaa suti, unashikana mikono na wakubwa, nyuma yenu koti. Mmeng'aa wote. Nikatafuta usoni mwako yule aliyesema bado nalala naye. Simu ni ndogo, na macho yangu yamezeeka.

Unajua kinachoniuma? Wala si ule uongo wa risasi. Watu wa vita wanadanganya, wamezoea. Kinachoniuma ni kwamba walikuomba, ukatoa. Mimi nilipoombwa na wazee wa ukoo mzima, wamesimama uani kwangu na fimbo zao, nilikutazama wewe chini pale mavumbini nikakataa. Wewe ulipoombwa hukumtazama mtu. Hukupiga hata simu ya kusema, mama, niseme ndiyo au hapana?

Sijakulaani. Wapo wanawake hapa waliokuja kuniambia vua titi umwonyeshe mwanao, utaona kama hatarudi mbio. Nimewafukuza. Titi hili lilikulea, halitatumika kwa kazi hiyo. Lakini usidhani kwa kuwa sikulaani basi nimekusamehe. Hayo ni mambo mawili.

Sasa sikia kilichopangwa. Nyamhanga hawezi kungoja zaidi, na mimi sitamwambia mgonjwa angoje dobi. Ulezi ukishaingia ghalani, Jumamosi ya kwanza, vijana wa ukoo watachimba. Kaburi kwetu halilali wazi. Likichimbwa asubuhi, jua likizama lazima liwe limemeza kitu. Ukija na koti, tutamlaza baba yako, utashika upande mmoja mimi upande mwingine, na sitasema neno lolote mbele ya watu. Nitakupikia. Usipokuja, Nyamhanga atakata mgomba ule ulio nyuma ya jiko. Tutaufunga shuka. Atauita Mwita kwa sauti, nami nitauitikia, nitaulilia, nitanyolewa, nitakwenda kukaa na wajane wenzangu. Kwa mila itakuwa imetosha. Nitakuwa na wa kulazwa ubavuni mwake. Mtu aliyelala na koti maisha yake yote hashindwi kulala na mgomba.

Ila ujue kaburi likishafukiwa hakuna wa kulifukua kubadilisha. Usije mwakani na koti lililopigwa pasi ukasema mama samahani. Huyo tuliyemfukia ndiye atakuwa baba yako, na ukoo wote utamhesabu hivyo. Watoto wako wakiuliza babu yao ni nani, utawapeleka nyuma ya boma uwaonyeshe walipolala majani na maji, kisha uwarudishe Mugumu wakabonyeze kitufe.

Nenda kwa yule kijana wa miwani. Amesema atakupa. Yeye neno lake nimeliamini.

Ukae salama, na kifua hicho ukapimwe.

Ni mimi mama yako, Bhoke, mke wa Mwita mpaka Jumamosi hiyo, baada ya hapo mjane wake.